Oili ya Kumshusha Mama Yako

Karatu, Julai 1979

Mpwa wangu Josephati,

Poleni na baridi ya huko juu. Sisi tumevuna maharage, na ng'ombe wa madoa kazaa.

Nimesikia Alhamisi alfajiri, ulipotaka kumshusha mama yako hospitali, Landrova lako liligoma kuwaka, naye akarudi kitandani akisema, "Gari limekataa, na mimi nimekataa." Daktari naye kasema uvimbe ule usipopasuliwa wiki hii, tutamzika.

Tatizo ni oili. Umetia ile nzito, namba hamsini, kwa kuwa mjomba anatia hamsini. Josephati! Mimi naendesha Endabash, kwenye jua. Tena mimi ndiye niliyemfukuza simba kwa spana, alipolala juu ya boneti langu. Huko kwenu kwenye baridi, ukingoni mwa kreta, hamsini inaganda usiku kama samli, betri inachoka kuzungusha injini. Anayekuletea barua hii ana galoni la namba thelathini, iliyo nyepesi. Liwashe mchana baridi ikipungua, mwaga ile nzito injini ikiwa ya moto, ishuke yote, ndipo utie hii.

Kesho liwashe kabla hujamwita mama yako. Likishaunguruma usilizime, hata akitaka kusali kwanza. Asali humo humo ndani ya gari. Akilisikia linakohoa mara moja tu, hatoki tena. Namjua tangu tukichunga mbuzi.

Nitakuwa mlangoni pa hospitali tangu asubuhi. Simba nimekutana nao wengi, Josephati. Dada ninaye huyu mmoja.

Mjomba wako,
Piusi