Ufunguo Kwenye Vali

Jumatatu, 3 Juni

Bandari ya Camaret, Ufaransa. Aibu tupu! Tumewasha injini tutoke, hata mlango wa bandari hatujaufikia, king'ora kikalia. Joto. Ekzosi inatoa moshi mtupu, maji ya kupozea hakuna hata tone. Tukazima, upepo ukatusukuma hadi kwenye gati. Jirani yetu Fañch tayari kasimama na kamba, na mdomo wake. Akamtania mume wangu: Goulven, unawachemshia wageni kahawa?

Nikafunua sakafu. Vali ya maji ya bahari, yale yanayopoza injini — mkono umelala kukingama bomba. Imefungwa!

Miaka thelathini na moja mume wangu ana sheria moja. Tukitoka chomboni vali inafungwa, na ufunguo wa injini unatundikwa kwenye mkono wake. Huwezi kuwasha bila kuigusa vali. Na amewacheka wangapi gatini! Anapenda kusema: siku nikisahau vali, uzeni mashua, mninunulie kiti cha bustani.

Leo alichukua ufunguo, akaacha vali.

Niliifungua upesi kabla hajashuka. Nikamwambia ni mwani umeziba. Sijui kwa nini nilisema vile. Najua sana.

Jumanne, 4 Juni

Nilimtuma Goulven mkate. Nikafungua pampu. Impela, ile feni ya mpira inayovuta maji, ina mabawa sita, na ikizunguka bila maji hukatika. Nimekuta manne. Mawili yamemezwa na bomba. Moja nimelivua kwa waya. La pili sijaliona mpaka sasa. Vidole vyote vimechubuka, na nimetukana matusi yote ya marehemu baba.

Halafu daftari la matengenezo. Mwandiko safi wa Goulven, wa fundi umeme. 12 Aprili, impela mpya. 13 Aprili, impela mpya. Tarehe 15 tena. Tarehe 16 tena!

Nikafungua sanduku la vipuri. Zote nne zimo, mifuko haijachanwa.

Nililia pale chini ya ngazi. Kisha nikachana mfuko mmoja, nikafunga impela. Daftarini sikuandika kitu.

Jumatano, 5 Juni

Goulven anapiga mbinja. Hali ya hewa nzuri, kesho tunavuka kwenda Hispania. Fañch kaniita pembeni. Anasema jana Goulven kamuuliza hali ya mkewe, mara mbili. Mke wa Fañch tulimzika pamoja mwaka juzi. Eti nisivuke Ghuba ya Biskay naye. Nikamwambia aangalie chombo chake, uchafu umejaa ubavuni mwake. Nimemkosea. Lakini Goulven bila mashua hii atakaa wapi? Kwenye kiti cha bustani?

Alhamisi, 6 Juni, saa nne asubuhi

Alfajiri tulitoka kwa tanga tu, bila injini. Alifurahi kama kijana! Sasa tuko mbele ya mlango-bahari wa Raz, na upepo umekufa. Maji hapa husimama kwa dakika chache tu, baada ya hapo mkondo unageuka na kukokota kila kitu kuelekea miamba. Ni injini tu, kuvuka au kurudi.

Alishuka, akafunua sakafu, akanipa ufunguo. "Haya bi kizee, leo washa wewe." Akapanda kushika usukani.

Ufunguo upo hapa mezani, kando ya shajara. Vali naiona kutoka nilipokaa. Mkono umekingama bomba.

Naweza kuifungua kimya kimya. Kama Jumatatu. Halafu kesho, na keshokutwa, Biskay nzima.

Anauliza huko juu naandika nini, maji yanasimama!

Nikauliza, "Vali umefungua?"

Nasikia tanga likipigapiga mlingoti.

Sasa kainama mlangoni. Usoni hana utani. "Soazig. Jumatatu ulikuwa mwani kweli?"

Zimebaki dakika kumi na moja mkondo ugeuke. Bado yupo pale mlangoni.