Sufuria ya Mama

Kaka Wilfred, shikamoo.

Huku mlimani mvua haikatiki, kabichi zinaozea shambani. Mwanangu ameanza kutembea.

Ulipokuja Pasaka ulilalamika kwamba mboga hazina chumvi, ingawa nilikueleza kuhusu presha ya mama. Nikairudisha chumvi, yeye nikawa nampikia kwenye sufuria yake. "Mmeshanitenga," akasema. Tangu siku hiyo akawa anakwenda kula kwa majirani, na huko chumvi wanamwaga tu.

Jumanne alianguka jikoni. Amepooza upande wa kulia, na kusema hawezi.

Sasa nyumba nzima tunakula naye sufuria moja, bila chumvi. Jana nilimuuliza kama chakula ni kitamu. Alinitazama tu.

Njoo ule naye, kaka. Safari hii usilalamike.

Mdogo wako,
Judith