Ganda Tupu la Vidonge Vyako

Baba,

Leo ni Jumapili mchana, na mvua haijakatika tangu tutoke kanisani. Nakuandikia kwenye shajara yangu, ile uliyoiita kitabu cha polisi kwa sababu kila kitu ndani yake kina tarehe. "Wambui, siku moja hicho kitabu kitamfunga mtu," ulikuwa ukisema, halafu unacheka mpaka chai inamwagika.

Habari za nyumbani kwanza. Viazi vya shamba la chini vimetoka vizuri, na lori lilikwama langoni kama kila mwaka. Kaka yangu Njoroge ndiye anayekamua sasa, na yule ng'ombe wako mweusi anampiga teke kila asubuhi. Koti lako bado liko kwenye msumari. Hakuna anayetaka kuwa mtu wa kulitoa.

Sasa niseme lililonileta.

Kule wodini Nakuru ulikolazwa, daktari aliniuliza ulikuwa ukimeza nini. Nikampa ile bahasha ndogo ya kaki. Akavimwaga vidonge mezani, akavitenga kwa ncha ya kalamu: vile vya maumivu huku, vile vidogo vyeupe vya kupunguza uvimbe kule. Akauliza nani alikuandikia. Nikamwambia tunanunua kwenye kemisti, lile duka la dawa la Molo. Akauliza tena, polepole, kama anayesema na mtoto: "Mama, nimeuliza ni daktari gani alimwandikia." Nikamwambia hakuna. Ndipo akanieleza kwamba Panadol unaweza kununua hata pale unaponunua sukari, lakini dawa hizo mbili huuzwa kwa cheti cha daktari tu, kwa sababu zikimezwa pamoja siku nyingi huweza kulitoboa tumbo la mzee, nalo likavuja damu taratibu bila yeye kujua. Ulituacha kesho yake, kabla chupa ya pili ya damu haijaletwa.

Cheti chetu kilikuwa ganda, Baba. Vidonge vikiisha, ulinipa lile ganda lake tupu la karatasi ya fedha, lenye jina la dawa mgongoni: "Umwambie Daktari akupe kama hii." Mimi naliweka kaunta, yeye analigeuza mara moja, anakata vidonge vya aina zote mbili kwa makasi, anatia kwenye kaki. Hivyo ndivyo Molo nzima inavyonunua dawa. Jirani anampa jirani ganda kama anavyompa mbegu nzuri ya viazi. Nasi tukamwita Daktari kwa sababu ya koti jeupe, mwenye kemisti ambaye hakuwahi kuligusa goti lako lililokuuma. Hospitali ulikataa. "Foleni ni ya watu wasio na viazi vya kuvuna. Daktari wangu hana foleni."

Sanduku la dawa zile hatukuwahi kuliona. Lilibaki nyuma ya kaunta na maandishi yake yote. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, ninayesoma hata gazeti lililofungiwa nyama, sikuwahi kusema nionyeshe sanduku. Nilikuwa mjumbe mzuri. Nilienda mbio na kurudi mbio.

Hapo ndipo uchungu wangu huanza. Kumchukia mwenye kemisti ni rahisi. Alikuja matangani, akasimama mbele ya watu akasema, "Mzee alikuwa kastoma wangu wa miaka mingi, tena mtu wa shukrani," na watu wakampigia makofi. Nilitaka kumrushia sufuria. Lakini shajara haina upendeleo, na kuna ukurasa mmoja ambao ni wangu. Ni wa wiki tuliyorudi kutoka harusi ya kina Njeri. Nimeandika kwa mkono wangu: "Baba kasema choo chake ni cheusi kama lami, na kichwa chepesi. Nimemwambia ni njahi, yale maharagwe meusi ya harusi. Nimemletea dawa ya magoti." Ukasema, "Basi ni njahi." Uliniamini. Hukutaja tena, na mimi sikuuliza tena. Ile ilikuwa damu, Baba.

Nimeushika ukurasa huo mara nyingi niuchane. Ni karatasi moja tu.

Jumamosi iliyopita Mama aliniita jikoni. Goti lake la kushoto limevimba tangu tuvune. Akatoa kitu kutoka ndani ya Biblia, alipokiweka siku tuliyokuzika, akakifuta kwa leso. Ganda lako la mwisho. "Nenda kwa Daktari," akasema, "umwambie akupe kama hii. Ilimsaidia sana Baba yako."

Nilienda, Baba. Niliweka ganda kaunta. Yule mtu akaligeuza, akachukua makasi, hata jina hakuuliza. Nikamwambia anionyeshe sanduku kwanza. Akacheka. "Sanduku la nini, mathe? Unataka dawa ama unataka kusoma?" Watu nyuma yangu wakacheka naye. Mmoja wao, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alikuwa ameshika ganda lake mkononi.

Nilichukua ganda langu nikatoka. Mama nilimwambia tutaenda hospitali, tutakaa foleni. Hajasema na mimi vizuri tangu hapo. Anafikiri namnyima kitu chako.

Njoroge naye nimemwambia ninakotaka kwenda, kwa wakaguzi wa dawa kule Nakuru. Akaweka kikombe chini. "Ukipeleka hicho kitabu, wa kwanza kusomwa ni wewe. Wacha Baba apumzike." Labda anasema kweli. Watageuza kurasa, watafika kwenye njahi, na mtu nisiyemjua ataniangalia vile daktari aliniangalia. Halafu huenda wakafunga ile kemisti wiki moja na kuifungua tena. Sijidanganyi.

Lakini Mama ana goti, na ganda lipo.

Kesho asubuhi nampeleka hospitali kule Nakuru. Tukimaliza atanisubiri kwenye benchi, nami nitaenda kwa wakaguzi na bahasha za kaki, ganda lako, na kitabu hiki kizima. Nakuahidi ule ukurasa utakuwemo. Wewe ulisema kitamfunga mtu. Kama ni mimi, na kianze na mimi.

Kaa salama huko, Baba, mahali ambapo magoti hayaumi. Koti lako nitalitoa nikirudi.

Mimi binti yako niliyekuwa nikitumwa,
Wambui