Vumbi la Miguu ya Limi

Jumamosi, Agosti 1996

Bado nina hasira. Watoto wote wa kota hii huangalia televisheni kwa Mama Neema, nesi, maana ndiye pekee aliye nayo. Leo Limi wangu karudi analia.

"Mama, wenzangu wameingia. Mimi nimeambiwa nibaki dirishani, eti miguu ina vumbi."

Vumbi! Shinyanga hii nani hana vumbi? Mama Neema angesema tu kwamba baba yake Limi ni tarishi.

Nikaapa mwanawe Neema hatakula tena kwangu. Jioni mama yake kaingia zamu, mtoto kaja na sahani kama kawaida.

"Shikamoo Mama Limi. Leo kuna michembe?"

Naye vumbi mpaka magotini! Nikawaosha wote wawili, beseni moja, nikawapakulia hivyo viazi vitamu vya kukausha.

Kesho nampeleka Limi mimi mwenyewe, hadi kwenye kochi la kina Neema.