Nywele za Marehemu Baba Yako

Khawla mwanangu,

"Huyu mtoto nywele hizi kazitoa wapi?" Bi Sukaina wa ghorofa ya chini aliniuliza hivyo mlangoni, nawe una miaka mitatu. Nilicheka, nikamwambia, "Zitanyooka tu, inshaallah."

Nnatangulia Bububu kusaidia kupika harusi. Chai imo kwenye chupa. Kile kitana nilichokukwaruzia kichwa asubuhi nshakitupa. Ulilia, nami nikazidi kuvuta, eti wanawake wasikucheke ukivua mtandio. Nisamehe. Maji ya bamia nimeyachuja, yamo bakulini. Rowesha nywele kwanza, kisha uzipitishe vidole, usizichane kavu. ~~Halafu zibane nyuma zisitawanyike.~~ Halafu ziache zijikunje zitakavyo.

Uliniuliza kwa nini nnazionea haya. Nywele hizo ni za baba yako, Mungu amrehemu. Siku ile ya Bi Sukaina alikuwa chumbani, akasikia jibu langu lote. Alichukua kofia yake msumarini, akaivaa mpaka masikioni, akapita baina yetu, akatoka.

Mamako