Mpini Alioufunga Mama

Murakami,
14 Novemba 1968.

Mpendwa Dada Tomi,

Nakuamkia kwa heshima huko Brazili. Hujambo? Mgongo wa shemeji umetulia? Na watoto, shule inaendaje? Sisi miili ni mizima. Samoni wameanza kupanda mtoni na kila upenu hapa umetundikwa samaki wa chumvi. Ningependa kuishia hapo, lakini nina hasira, dada, na nisipokuambia wewe sijui nimwambie nani.

Nilikuandikia kwamba upanga wa Baba umerudi. Mjane wa askari wa Kimarekani aliukuta darini, bado una kibao chenye jina la Baba, akautuma. Baba mwenyewe hakurudi kutoka Ufilipino, hata mfupa. Tulichopata ni upanga huo.

Unaukumbuka ulivyokuwa. Maofisa wenzake walibeba panga zenye ala za bati, lakini ya Baba aliipaka Babu utomvu mwekundu wa kung'arishia vyombo, tabaka juu ya tabaka, kama bakuli za harusi. Mpini aliufunga Mama, kwa kamba iliyobana mkanda wa kimono chake cha harusi. Babu akaipaka kamba hiyo utomvu isioze kwa jasho na mvua. Siku upanga ulipofika, Mama alikaa nao mapajani mchana kutwa. Macho yamefifia, ila vidole vilipita juu ya kila fundo.

Mwezi uliopita nilimchukua Mama kutoka kwa Kaka Tokuji akae kwangu kidogo. Kumbe Kaka alikuwa akingoja nafasi hiyo. Siku hizi yumo katika chama cha wapenzi wa panga. Akaupeleka upanga wa Baba kwa fundi, mpini ukafumuliwa na kufungwa hariri mpya, ala ikakwanguliwa na kupakwa nyeusi.

Nilipouona nilishindwa hata kukaa. Nikamuuliza kwa nini.

"Wenzangu walinicheka, Hisae. Walisema mpini wa ofisa umefungwa kama mzigo wa kuni. Sasa angalau unafanana na upanga."

"Kamba ya Mama iko wapi?"

"Kamba kuukuu ile? Muulize fundi."

Nilikwenda hadi kwa fundi. Mzee wa watu aliinamisha kichwa. "Nilimuuliza bwana kama ana hakika. Akaniambia, choma." Nilirudi njia nzima nikiongea peke yangu kama mwehu.

Jumapili nilimrudisha Mama. Nilitaka kumwambia njiani, mdomo ukakataa. Kaka, bila haya, alimwekea upanga mapajani mwenyewe.

"Shika, Mama. Upanga umependeza sasa."

Mama aliupapasa mpini, kisha ala, kisha mpini tena. Akamrudishia.

"Huyu ni mgeni," alisema. "Mume wangu alikuwa ameshafika nyumbani. Umempeleka wapi?"

Kaka akaanza kueleza ubora wa hariri. Wifi Kiyo, ambaye hajawahi kumpinga mbele ya watu, akamwambia, "Nyamaza, baba watoto."

Mama aliagiza godoro lake na picha ya Baba vitolewe. Yuko kwangu tangu siku hiyo. Majirani wanauliza inakuwaje mama aache nyumba ya mwanawe wa kwanza, nami nawajibu wamuulize huyo mwana.

Juzi Kaka alikuja, ameleta tofu ya soya, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Mama alimpa chakula, akamuuliza hali ya wajukuu, ya kurudi hakuyagusa. Mimi hata chai sikummiminia. Alipokuwa akivaa viatu aliniomba nikuandikie, kwa kuwa wewe ndiwe mkubwa wetu, umbembeleze Mama arudi.

Nimekuandikia. Usimbembeleze.

Nisalimie Shemeji Fumio, na Yasuo na Mitsue uwakumbatie kwa niaba ya bibi yao. Waliotutangulia wawafunike kwa baraka huko ugenini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Hisae