Kisu Msibani

Jumamosi, baada ya maziko

Sasa mtaa mzima unajua kwamba natembea na kisu, hata msibani.

Tulikuwa uani kwa jirani yetu aliyefariki, tukisubiri jeneza litolewe. Mama Zuhura, ambaye ni Mzaramo na kwa hiyo mtani wetu sisi Wanyamwezi, alikuwa anawachangamsha wafiwa. Anawapekua wanaume, anadai tumeiba nyama ya msiba. Akanifikia. "Na wewe mtumwa wangu, umeficha wapi?" Akanifunua koti.

Kikatoka kile kisu changu cha Nzega, kilichofuliwa kwa springi ya lori, ninachokipenda kuliko vyote nilivyokusanya. Kicheko kilikatika. Mjane alikitazama, akajifunika uso kwa kanga.

Nikasema ni cha kujilinda, tangu niliponyang'anywa simu kule stesheni. Sauti yangu mwenyewe ilinikera. Kujilinda na nani pale? Na watu waliokuja kulia?

Asubuhi nilikivaa bila hata kufikiri, kama mtu anavyovaa saa. Hilo ndilo linanitia hofu. Na juzi tu nilikuwa naulizia kibali cha bastola...

Mama Zuhura alinirudishia kisu, mpini mbele. Wanaume waliobaki akawapita bila kuwapekua.

Tuliporudi kutoka makaburini alikuwa anagawa wali, utani wake umerudi. Huyu mlafi, yule mtumwa wake, watu wanacheka. Aliponifikia mimi akainamisha kichwa, akanipa sahani kwa mikono miwili.

"Karibu chakula, baba," akasema.

Tangu tujuane, leo ndiyo mara ya kwanza ananiheshimu.